Muulizaji na Mkamwana Wake

Jina lake silitaji. Watu wa kwetu wakisoma hapa watamjua kwa mstari wa pili tu, na wewe usiye wa kwetu jina halitakusaidia kitu. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, ng'ombe wangapi walitoka alipooa, hayo waulizeni wanawe. Mimi nimemjua kama Muulizaji wa baraza letu la wazee. Nimekaa naye benchi moja miaka mingi, hata nikajua kwamba kikohozi chake cha hasira na kikohozi chake cha kifua ni viwili tofauti.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo ukiona nimetoka hapa nikaenda kule usidhani nimepotea. Nitarudi.

Kwanza nieleze baraza. Kijiji kina serikali yake. Yuko mwenyekiti wa kijiji, huyo anachaguliwa kwa kura. Wako wajumbe wake. Na yuko mtendaji, huyo ni mwajiriwa, analetwa na wilaya, leo anaweza kuwa mtu wa Kyela, kesho mtu wa Tanga. Hao ndio wanaoamua. Lakini kijijini kwetu, ambacho nacho sikitaji, jambo walilokwisha kuamua haliendi kwenye mkutano mkuu wa wananchi mpaka lipite kwetu wazee. Sheria haisemi hivyo. Hatuna muhuri, hatuna posho, hatuwezi kumfukuza mtu. Tunaweza mambo mawili tu, kuuliza na kusema "irudi". Tukisema irudi, mwananchi hanyooshi mkono, hata umletee nani kutoka Tukuyu. Inabidi wakakae upya.

Palikuwa na mwalimu wa sekondari, kijana wa Singida, alikuja siku moja kusikiliza akacheka sana. Akasema, "Wazee wangu, kumbe nyie ni Bunge la Juu!"

Mzee mmoja akamuuliza, "La juu wapi? Sisi tumekaa chini kuliko wote, benchi lenyewe limevunjika mguu."

Akatueleza kwamba ziko nchi zina mabunge mawili, hata Kenya hapo jirani. Moja linatunga na kupitisha, la pili linachungulia lile la kwanza limefanya nini, linaita mawaziri, linawahoji, linarudisha miswada. Akasema sisi hapa Tanzania tunalo moja tu, ila kijiji chenu kimejitengenezea la pili. Jina likatuingia. Tangu siku hiyo wake zetu wakitaka tukate kuni wanasema, "Mheshimiwa wa Bunge la Juu, shoka lile pale."

Tulikuwa tunakaa kwenye banda la kupimia chai, siku ambazo gari la majani haliji. Banda halina ukuta upande wa chini, kwa hiyo ukungu unaingia unakaa na sisi kama mjumbe. Na hapo zamani tulikuwa tunauliza wote. Ilikuwa aibu. Huyu anauliza habari ya mtaro, mwingine anadakia na habari ya ndama wake aliyepotea, wa tatu anaanza na vita vya Kagera, na mwenyekiti wa kijiji amekaa pale anatabasamu, anaitikia "kweli, kweli mzee", mpaka mvua inakuja tunatawanyika hajajibu hata moja. Ndipo tukaweka utaratibu. Mdomo uwe mmoja. Mwenye swali ampelekee Muulizaji kabla ya kikao, nje, pale kwenye mizani, amnong'oneze. Ndani anauliza yeye peke yake. Akiridhika, mwenyekiti wa baraza anasema "imepita". Asiporidhika, "irudi". Asipouliza kabisa, imepita.

Hilo la mwisho tuliliweka bila kufikiri. Nani angedhani yule mtu anaweza asiulize?

Maana alikuwa hachoki. Alikuwa mfupi, mabuti ya mvua mwaka mzima hata kanisani, koti la sufu lililokuwa bluu zamani. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa akisimama anatazama viatu vya mtu anayemhoji, si uso, viatu. Nikamuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Uso umefundishwa. Miguu bado."

Na hakuuliza jambo ambalo hajakwenda kuliona. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, kama ni siri. Ukimnong'oneza kwamba zahanati haina mtu, haulizi kikao hicho. Anakwenda zahanati, anakaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi, mgonjwa asiyeumwa. Nesi akimuuliza anasumbuliwa na nini anasema, "Macho tu, mwanangu." Kikao kinachofuata ndipo anasimama.

Nitakupa mfano wa mtaro. Barabara ya kushukia Kitongoji cha Chini ilikuwa inakatika kila masika, na serikali ya kijiji ikaleta taarifa kwamba msaragambo umefanyika, watu wamejitokeza kwa wingi, mtaro umechimbwa. Mwenyekiti wa kijiji alisoma vizuri sana, kama anahubiri. Muulizaji akasimama.

"Ndaga, asante, mwenyekiti. Tumesikia. Mtaro uko upande gani wa barabara?"

"Kulia, mzee."

"Kulia ukiwa unashuka au unapanda?"

Mwenyekiti akafikiri kidogo. "Unashuka."

"Ukishuka, kulia ni shamba la mjane wa fundi cherehani. Migomba yake imefika mpaka barabarani. Mliing'oa?"

"Hapana, hatukuing'oa, tuliizunguka…"

"Mtaro ukazunguka migomba?"

Sisi tukaanza kucheka kwenye makoti. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoka kule jana yake, amepita barabara yote, hakukuwa na mtaro kulia wala kushoto wala katikati. Lakini hakusema "unasema uongo". Sijawahi kumsikia akimwambia mtu hivyo. Alisema tu, "Basi irudi, mwenyekiti, mkaukamilishe huo unaozunguka." Na mwezi ule ule mtaro ukachimbwa, mwenyekiti mwenyewe ameshika sururu.

Siku nyingine alikuja afisa kutoka wilayani, kijana mwenye tai, viatu vyake vimeshaliwa na matope yetu mekundu. Akasema mradi wa bomba uko kwenye mchakato. Mchakato hivi, mchakato vile. Muulizaji akamngoja amalize.

"Baba, huo mchakato uko ofisi gani?"

"Mzee wangu, mchakato si kitu cha kukaa ofisini, ni hatua."

"Hatua ina mtu anayeipiga. Nani anapiga hii tuliyofikia?"

Kijana akatafuta, akataja cheo cha mkubwa wake.

"Na kabla yake?"

Akacheka mwenyewe yule kijana. Akasema, "Kabla yake ni mimi, mzee. Ipo mezani kwangu." Akapigiwa makofi, na bomba likapatikana mwaka uliofuata, mabomba mawili ya chemchemi ya bondeni. Nitafika huko bondeni. Ndiko habari ilikolala.

Lakini usidhani mtu huyu alikuwa mkali kila mahali. Sokoni Mpuguso alikuwa kondoo. Mama akimtajia bei ya dagaa anatoa, hashushi hata kidogo. Mkewe alikuwa anamwomba asiende sokoni kabisa. Nikamwambia, "Wewe unawahoji wakubwa mpaka wanatoka jasho kwenye baridi hii, mama muuza dagaa anakushinda?" Akajibu, "Yule mama hana mamlaka juu yangu. Nimuulize kwa nini?" Na yeye mwenyewe alikuwa hapendi kuulizwa. Mzee wa kanisa alimuuliza mbona siku hizi haonekani kwenye ibada ya asubuhi, akageuka akaondoka, Biblia kwapani. Alikuwa na hilo. Sisemi alikuwa mtakatifu.

Sasa nije kwa mtendaji.

Waliomtangulia wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa wanakimbia baraza, wanatuma salamu. Huyu akaja msichana, mtu wa Mpanda, sweta moja jembamba, anatetemeka. Kikao chake cha kwanza alisoma taarifa ya vitongoji vyote. Muulizaji akatazama viatu vyake.

"Mama, umefika Kitongoji cha Chini?"

Wale wengine wangesema ndiyo. Yeye akasema, "Sijafika, mzee."

"Basi taarifa yake tutaisikia ukifika. Tunakungoja."

Tukadhani ataanza kulia. Asubuhi ya pili watu wakamwona anashuka na mvua, mwavuli umepinduka, na kikao kilichofuata alikuja na matope mpaka magotini, akasoma upya, nyumba kwa nyumba. Muulizaji aliuliza, yeye akajibu. Akauliza tena, akajibu tena. Mwisho akasema, "Sijui, mzee. Nitakwenda kuangalia." Nilimwona Muulizaji anakaa chini taratibu kama mtu aliyeshiba ndizi za mbalaga. Tulipotoka akaniambia, "Umemsikia? Amesema sijui. Nimengoja miaka yote hii serikali iseme sijui."

Hiyo ilikuwa miaka mizuri kuliko yote ya baraza. Yeye anauliza, binti anajibu, mambo yanakwenda.

Halafu pikipiki ya ofisi ikaanza kuharibika. Ilikuwa inaharibika kila wiki, na fundi wake alikaa kule Ibighi, naye ni mtoto wa mwisho wa Muulizaji. Mtendaji akawa anaipeleka mwenyewe. Wanawake kwenye chai wakasema, "Hiyo pikipiki ina ugonjwa wa moyo." Ukafika wakati fundi ndiye anayekuja juu kuifuata. Mwishowe wakaja wazee wa Mpanda, wakala, wakanywa, ng'ombe wakatajwa, kanisani tukaimba.

Siku ya harusi mwenyekiti wa kijiji alisimama kutoa nasaha, akasema kwa furaha kubwa, "Ndugu zangu, leo serikali imeolewa kwa Muulizaji!" Watu wakaanguka kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Wewe wa mbali sasa lazima nikueleze jambo. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwanao na wewe baba mkwe mna adabu yenu. Tunaiita ukutila. Mkamwana akikuona njiani anatoka njiani, anaingia majanini, anatazama upande mwingine. Na wewe hubaki unamkodolea macho, unageuka. Hamli pamoja. Hamwitani majina. Humkemei, humhoji, ukiwa na neno linapita kwa mama mkwe. Vijana wengi wameiacha, mjini Tukuyu unamwona baba mkwe na mkamwana wako kwenye bodaboda moja, wamebanana. Lakini Muulizaji alikuwa mtu wa zamani katika hilo. Binti wa Mpanda mwanzoni hakujua, alimletea chai mkononi siku ya kwanza, mzee akainuka akatoka kwa mlango wa jikoni. Mkewe ndiye aliyemfundisha mwali. Naye akashika, maskini, akashika vizuri kuliko wa kwetu.

Kikao cha kwanza baada ya harusi tuliingia bandani. Mtendaji akasimama na karatasi zake. Muulizaji akainuka, akalishika lile benchi, akaligeuza. Akakaa amempa mgongo, anatazama chai inayoshuka mpaka kwenye ukungu. Mtendaji akasoma. Mwenyekiti wa baraza akasema, "Muulizaji?" Akakohoa, kikohozi cha kifua. Imepita.

Tulipotoka akatuambia wazi. "Mtafuteni mwingine. Mimi siwezi kusimama mbele ya mkamwana wangu nikamhoji kama mwizi wa kuku."

Na sisi tukajibu nini? Tulijibu kwa umoja. "Tata, baba yetu, usituache! Nani mwingine?" Mmoja akasema hana meno ya kutamka vizuri. Mmoja akasema mwenyekiti wa kijiji ni mtoto wa shangazi yake. Mimi nilisema sikusoma. Tukasema kaa tu, mambo madogo hayo, ya ripoti za choo na mbuzi, yatapita yenyewe, likija kubwa tutaona. Tulimrudisha kwenye benchi kwa kumsifu. Nikikumbuka sifa tulizompa siku ile nasikia joto masikioni.

Mwenyekiti wa kijiji si mjinga. Zamani mambo mazito alikuja nayo mwenyewe na jasho lake. Sasa kila karatasi chungu anampa mtendaji asome, yeye anakaa pembeni amekunja nne. Mzee anageuza benchi, mkamwana anasoma, kikohozi, imepita. Vikao vikawa vifupi. Wengine wetu tukaona raha, tunawahi nyumbani.

Ndipo likaja la bondeni.

Chini ya Kitongoji cha Chini kuna chemchemi. Imezungukwa na mikuyu mikubwa na mianzi, na pale ndipo yale mabomba mawili yanapochukua maji. Kitongoji kizima kinakunywa hapo, na sisi wa juu kiangazi tunashuka hapo hapo. Mtu kutoka mjini alitaka kupanda parachichi. Siku hizi kila mtu anataka parachichi, na hatumlaumu. Ila alitaka bonde lenyewe, kwa kuwa lina unyevu mwaka mzima, na serikali ya kijiji ikaamua apewe, na mikuyu ikatwe ili miche ipate jua.

Siku ya kikao, pale kwenye mizani, alikuja mwanamke wa chini, yule mjane wa fundi cherehani mwenye migomba. Amebeba mtoto wa binti yake mgongoni. Akapiga magoti mbele ya Muulizaji, akamsalimia.

"Mwagonile, tata. Mimi sina mengi. Tuulizie maji. Miti ile ikikatwa tutakunywa nini?"

Muulizaji akamwinua. "Umefika kuangalia?"

"Nalala pale, tata. Niangalie nini tena?"

"Nimesikia," akasema. "Mimi pia nimefika."

Na kweli alikuwa amefika. Nilimwona siku mbili kabla anatoka bondeni, mabuti yamejaa udongo mweusi wa kule. Nikajua leo atauliza. Nilikaa naye kwenye benchi lililogeuzwa, yeye anatazama chai, mimi nimepinda shingo kuitazama serikali, nikasema leo itakuwaje.

Mtendaji akasoma. Alisoma polepole mno, anarudia maneno. Alipomaliza hakukaa. Alibaki amesimama na karatasi. Mwenyekiti wa kijiji akamwonyesha kiti kwa kidevu, hakukaa.

"Muulizaji?" akaita mwenyekiti wa baraza.

Nilikuwa nimekaa naye ubavu kwa ubavu, kwa hiyo niliona. Mikono yake ilishika magoti. Akaanza kuinuka, akafika nusu, kama mtu anayenyanyua gunia, halafu akarudi chini. Akatazama chai. Kikohozi kilichotoka hakikuwa cha kifua wala cha hasira. Sikukijua.

"Muulizaji, una neno?"

Yule mjane alikuwa nje, tunamwona kwenye upenyo, anambembeleza mtoto. Wazee wote tulijua swali. Lilikuwa swali la maneno matatu, hata mimi wa darasa la nne nilikuwa nalo mdomoni: tutakunywa nini, jamani? Tukatazama viatu. Si vya serikali, vyetu wenyewe.

"Imepita," akasema mwenyekiti wa baraza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mkutano mkuu, watu wakauliza wazee wamesemaje. Wakaambiwa imepita kwa wazee. Wakanyoosha mikono, hata wa chini wengi wao, maana wamezoea kwamba lililopita kwetu limechunguzwa. Mjane hakunyoosha. Alikuwa ananitazama mimi, au nilidhani.

Mikuyu ikakatwa kwa misumeno ya mashine, wiki nzima inalia. Masika hatukuona tofauti. Kiangazi bomba moja likaanza kutoa maji kama machozi, la pili likatoa upepo. Watu wakarudi kuchota kwenye jicho lenyewe la chemchemi, pamebaki dimbwi na mchirizi mmoja unaopita kwenye kipande cha mwanzi. Foleni tangu kuche. Tukipita njiani wanawake wanaulizana kwa sauti, "Eti wale wa Bunge la Juu wanakunywa nini huko juu?" Mwingine anajibu, "Wanakunywa imepita." Hatugeuki. Utageuka useme nini.

Muulizaji akaacha kuja barazani. Hakuaga. Benchi likabaki limegeuka vile vile alivyoliacha, na hakuna aliyeligeuza. Nilikwenda kwake mara kadhaa, mkewe anasema yuko shambani, na mimi nayaona mabuti mlangoni.

Nilimkuta mwezi uliopita. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mimi nimeshuka na dumu langu kwa kuwa mke wangu magoti yanamsumbua. Kwenye foleni, katikati ya wanawake, nikamwona. Ana ndoo ya bati. Mwanamume wa umri ule kusimama foleni ya maji kwetu si jambo la kawaida, wanawake walikuwa wamemwachia nafasi mbele na nyuma kama mtu wa msiba. Nikamsalimia, akaitikia, basi.

Zamu yake ikafika. Akainama, akaweka ndoo chini ya ule mwanzi. Na hapo hapo mtendaji akatokea kwenye kona ya njia, ndoo kichwani, mimba imeshaonekana. Alipomwona mkwe akatoka njiani, akaingia majanini, akageukia mlima. Mzee naye akamwona. Akaacha ndoo, akatoka njiani upande wa pili, akageukia bonde. Ndoo ikajaa. Maji yakaanza kumwagika, na hakuna wa kuitoa.

"Yanamwagika hayo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Adabu zenu zinamwaga maji!"

Yule mjane, alikuwepo, akasema pole pole, "Waacheni. Ndivyo walivyoyamwaga tangu mwanzo."

Muulizaji alilisikia. Nilimwona mgongo wake umelisikia. Akakaa hivyo, halafu akasema, bado anatazama bonde, "Mtendaji."

Hakusema mkamwana. Yule binti alidhani hakusikia vizuri.

"Simwiti mke wa mwanangu. Namwita mtendaji wa kijiji."

"Nipo, mzee."

"Karatasi ya hapa. Uliiandika wewe?"

"Niliisoma mimi. Waliiandika wengine."

"Uliikubali?"

"Hapana."

"Kwa nini uliileta?"

"Mimi ni mwajiriwa. Ningekataa wangenihamisha, angekuja mwingine akaisoma. Nikasema nikiifikisha kwa wazee itarudi. Nilikuwa na majibu yote, mzee. Nilitaka uniulize habari ya maji, nijibu mbele ya watu na mwenyekiti amekaa pale. Nilipomaliza kusoma nilibaki nimesimama, nakungoja. Hukuona. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua, baba. Ndiyo maana nyumbani sijasema kitu."

Hakuna mwanamke aliyecheka. Mzee akageuka. Akamtazama mkamwana wake usoni, mbele ya kijiji, na binti naye akageuka polepole, mkono umeshika ndoo kichwani. Sijawahi kuona watu wawili wameona aibu namna ile na wasikimbie.

"Baraza likikuita utakuja?" akauliza.

"Nitakuja."

"Uje na mwenyekiti wa kijiji. Akae yeye katikati, si pembeni."

"Miti imeshakatwa, mzee."

"Nimeiona ilivyokatwa. Nitauliza itakayopandwa, itapandwa na nani, na yule wa parachichi atarudi nyuma hatua ngapi. Wewe nijibu tu kama zamani. Kama hujui, sema hujui."

Akachukua ndoo yake, akaisogeza, akaishusha ile ya mkamwana kichwani kwa mikono yake mwenyewe akaiweka chini ya mwanzi. Mjane akaziba mdomo kwa kanga.

Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumsifu, ndiyo kazi ninayoiweza. Akanifikia na ndoo yake, akasimama. Akatazama viatu vyangu.

"Na wewe," akasema, si kwa hasira. "Mimi nilikuwa na mkamwana mbele yangu. Wewe siku ile ulikuwa na nani?"

Nikafungua mdomo. Wanawake wote wananitazama, hata mtendaji.

Alingoja muda mrefu, kama alivyokuwa akiwangojea wakubwa. Nilipoona hataondoka mpaka nijibu, nikachukua dumu langu, zamu yangu haijafika, nikapanda nalo nyumbani tupu.